Kochi la Hedimasta na Watoto wa Nguchiro

Shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu, mtaa mzima unamwita Mama Springi. Hata mimi jina lake la kuzaliwa hulikumbuka tu nikiona kitambulisho chake. Ni fundi wa makochi. Kazi aliifundishwa na mumewe, na niseme ukweli ingawa marehemu ni damu yangu: mke alimpita. Ndugu yangu alitengeneza kochi linalokalika. Huyu mama anatengeneza kochi linalomsahaulisha mgeni kuaga.

Ubavuni mwa nyumba ana kibanda cha bati kisicho na ukuta wa mbele, na juu yake pana ubao wenye maandishi mekundu: KAZI YETU HAIRUDI. Mteja mmoja mchokozi aliwahi kumuuliza, "Hairudi kwa uzuri, au mtu akiileta unajificha?"

Akamjibu, "Kaa kwanza. Ukiweza kuinuka uniulize tena."

Mimi nashinda hapo kibandani. Kazi yangu ni kufumua makochi ya zamani na kupindua mapya. Kufumua nakupenda, maana kochi la mtu lina siri kuliko mdomo wake. Nimewahi kuokota humo funguo, meno ya bandia, barua iliyokunjwa mara nane, na pipi ambayo nilikisia ina umri wa kupiga kura. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Kupindua ndiko kuna maana katika habari hii. Kitu cha mwisho kwenye kochi ni kile kitambaa cheusi cha chini, kinachoficha springi na kuzuia vumbi. Kukigonga, unalilaza kochi miguu juu, unaliona tumbo lake lote, ndipo unalifunga. Kwa kochi la watu watatu wanahitajika wapinduaji wawili. Hapo ndipo mimi nilipo na faida.

Sasa, kulikuwa na kochi la Hedimasta. Mwenyewe ameshastaafu, anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu, ila jina halijastaafu. Kochi lake lilikuwa limekwisha kila kitu, limevaa kitambaa cha rangi ya ugoro alichokichagua mkewe baada ya kubadili nia mara nne. Kilichobaki ni hicho cheusi cha chini, nacho kilikuwa kimeadimika madukani. Tukalifunika nailoni, tukalisukuma nyuma ya kibanda, karibu na ua wa michongoma. Ng'ambo ya ua ni kiwanja kitupu chenye majani ya kufika kiunoni. Likakaa hapo siku kumi na mbili, tumbo wazi.

Jumamosi asubuhi, kitambaa kikiwa kimepatikana jana yake, mke wa Hedimasta akaja na pikapu kabisa.

"Mama Springi, wageni wangu wanafika saa saba. Kochi lipo, au niwakalishe kwenye ndoo?"

"Lipo, mama. Dakika ishirini tu. Shemeji, njoo tupindue."

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimekaa na chai yangu. Kiuno kilikuwa kinauma, si uongo, lakini kilikuwa kinauma kama siku zote. Nikasema, "Leo kiuno kimegoma, shemeji."

"Kiuno chako kina chama cha wafanyakazi," akasema. Mke wa Hedimasta akaangalia saa. Basi tukaliinua upande wa mbele tu, tukaweka matofali mawili kila mguu. Mama Springi akatandika gunia, akajilaza chali, akajisukuma chini yake kama fundi wa magari, misumari mdomoni. Macho aliyafumba kwa sababu ya vumbi. Alifunga tumbo lile kwa kupapasa, tap tap tap, na vidole vyake vilijua njia. Mara moja tu nyundo ilinyamaza.

"Vipi?" nikauliza.

"Katani ya kujazia imepata joto la jua," akasema kwa pembe ya mdomo. Akaendelea kugonga.

Kochi likapakiwa, likaondoka. Saa ilikuwa nne na nusu.

Saa saba hivi, jua la utosini, nguchiro akatokea kwenye ua wa michongoma. Nguchiro kwetu si kitu kigeni, wenye kuku wanamjua vizuri. Lakini yeye huonekana mara moja tu, kama mstari mwekundu unaokatiza njia, kisha hayupo. Huyu hakukatiza. Alikuja mpaka pale kochi lilipokuwa, akazunguka matofali, akanusa, akazunguka tena. Akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, akatutazama. Halafu akaja mpaka kwenye viatu vyangu, karibu ningeweza kumgusa.

"Amekuja kudai kochi lake," nikasema, tukacheka.

Alipogeuka tukaliona tumbo lake. Chuchu zilikuwa zimejaa, manyoya ya pembeni yamelowana.

Mama Springi aliacha kucheka kabla yangu. Aliiangalia mikono yake, mmoja kisha mwingine. "Mkono wangu ulijua," akasema. "Shemeji, ile haikuwa katani."

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Akatia mkasi na koleo mfukoni mwa aproni, tukaenda kwa miguu, yeye mbele, mimi na kiuno changu nyuma, na kiuno siku hiyo hakikuthubutu kusema neno.

Tulikuta viatu vimejaa mlangoni. Wageni walikuwa walimu wenzake Hedimasta wa zamani. Kwa mlango tuliona sebule: kochi limewekwa katikati, na watu watatu wamekaa juu yake. Upande wa kulia, palepale nyundo iliponyamaza, alikaa bwana mmoja wa mwili, mtu wa kujaza mlango.

Mama Springi akamvuta mke wa Hedimasta jikoni, akamweleza kwa kunong'ona. Yule mama akashika kiuno.

"Niwaambie nini wageni wangu? Simameni, mmekalia wanyama?"

"Dakika tano, mama. Nakuomba."

"Wageni hawajala hata biskuti! Subiri waondoke."

Nimemjua shemeji yangu miaka thelathini. Sijawahi kumsikia akisema nakuomba; hata ndugu yangu akiugua, hospitalini alikuwa anaagiza. Siku hiyo alisema mara tatu, na mara zote tatu aliambiwa subiri.

Tukaketi kwenye kibaraza cha jikoni. Kila springi zilipolia kule ndani alikunja vidole. Nilimwambia pengine wameshakufa zamani, tusijisumbue, na nilipokwisha kusema nikaona nimesema ujinga. Shemeji akainuka, akajifuta uso kwa aproni, akaingia sebuleni.

"Samahani mwalimu, samahani wageni. Mimi ndiye fundi wa kochi hili. Hapo alipokaa bwana nimeharibu. Springi haikukaa vizuri. Naomba ahamie kiti kingine."

Hayo aliyasema yeye, mwenye ubao wa maandishi mekundu, mbele ya watu saba. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaangalia chini.

Yule bwana wa mwili alikuwa na moyo mwema. Alitaka kumtetea. "Nani kasema umeharibu, fundi? Hebu tazama!" Akajirusha juu chini, juu chini, kochi likapwita. "Mimi nimevunja viti vya wizara, mama. Hiki ndicho cha kwanza kunistahi!" Watu wakacheka, wakampigia makofi fundi.

"Bwana, tafadhali usi..." akasema Mama Springi.

"Fundi," Hedimasta akamkatiza, kwa ile sauti ya kufungia vitabu. "Kazi itakaguliwa wageni wakishaondoka. Asante."

Ungesema nini hapo? Ungesema nguchiro. Nami nimejiuliza mara nyingi kwa nini sisi wawili, watu wazima wenye ndimi, hatukulitamka neno hilo moja. Mwenye nyumba ametukataza, ndiyo. Wageni ni wageni. Kitu kidogo kama hicho kinamfunga mtu mdomo kuliko kamba. Tukarudi kibarazani, tukakaa saa nzima na zaidi, tumeletewa sahani ya biskuti ambayo hakuna aliyeigusa.

Mgeni wa mwisho alipovaa viatu, Mama Springi alikuwa tayari amepiga magoti. Tukalipindua kochi, mimi upande mmoja na Hedimasta mwenyewe upande wa pili. Fundi akang'oa misumari, akakunjua kitambaa cheusi. Ndani ya mkono wa kochi, kwenye katani, palikuwa na shimo dogo kama bakuli, na ndani yake watoto wawili. Kila mmoja angeenea kwenye kiganja. Macho yalikuwa hayajafumbuka. Mmoja alipoguswa alilia, kilio chembamba kama cha mlango wa kabati. Wa pili alikuwa baridi, na ilibidi tumwangalie muda ndipo tukaona ubavu wake ukipanda na kushuka.

"Panya!" akapiga kelele mke wa Hedimasta.

"Nguchiro, mama."

"Ndiyo hao hao wanaomaliza kuku! Watupe huko!" Kisha akamwona shemeji yangu usoni, akaleta kitambaa cha jikoni, safi, akakitandaza mwenyewe.

Tulirudi jua likianza kulegea. Tukachukua boksi la misumari, tukaweka katani, tukawalaza palepale kati ya matofali, tukaingia ndani na kuchungulia dirishani. Hatukungoja sana. Nguchiro alikuja mbio, tumbo likisugua ardhi. Akainusa katani. Akawalamba wote wawili, harakaharaka, kama mtu anayeosha watoto maji yakikaribia kukatika. Akamuuma yule mzima kwa ngozi ya shingo, akapenya naye kwenye ua.

"Atamrudia wa pili," Mama Springi akasema. "Hana mikono miwili, atafanyaje?"

Tukasubiri. Wakatua kunguru wawili juu ya bati. Mmoja akashuka kwenye tofali, akainamisha kichwa, akatazama ndani ya boksi.

Sijui wewe ungefanya nini. Mama Springi alifungua mlango akatoka na ufagio, "Shh! Toka!" Kunguru wakaruka. Na wakati huohuo mimi dirishani nikamwona nguchiro, alikuwa ameshafika, kichwa chake kimetokeza kwenye michongoma. Aliuona ufagio, akamwona na mtu mwenye ufagio. Yakabaki majani matupu yakitikisika.

"Alikuwepo?" akaniuliza alipoingia.

Ningeweza kudanganya. "Alikuwepo," nikasema.

Hakurudi tena siku hiyo. Giza lilipoingia tulimchukua mtoto ndani, kwa kuogopa paka. Shemeji akachovya pamba kwenye maziwa ya uvuguvugu, akamgusisha mdomoni. Maziwa yakatiririka shingoni. Akajaribu kwa kona ya kitambaa, akajaribu kwa kidole. Akamweka kifuani ndani ya nguo, akakaa kwenye kiti bila kuegemea. "Makochi najua," akasema, "hili silijui." Mimi nilikuwa napasha maziwa ambayo hayakunywewa, yakipoa napasha tena.

Kulipokucha mtoto alikuwa amekufa. Alikuwa mwepesi, sikudhani kitu kilichotusumbua vile kingekuwa chepesi hivyo. Nikaenda kutafuta jembe. Nilikuwa bado nalitafuta aliponiita kwa mkono kutoka dirishani.

Nguchiro alikuwa amerudi. Alikuwa anazunguka boksi tupu, anaingia, anatoka, anapekua katani na kuitupa nje. Alisimama kwa miguu ya nyuma akaitazama nyumba. Kisha akajiondoa mpaka kwenye ua wa michongoma, akakaa, hakuondoka.

Mama Springi akamchukua mtoto mezani. Akafungua mlango polepole, akatembea ameinama mpaka kwenye boksi, akamlaza, akarudi kinyumenyume.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Ni wake. Sijui kingine cha kumpa."

Nguchiro alikuja. Alimnusa, akamsukuma kwa pua, akangoja. Akamlamba uso, akamsukuma tena. Halafu akamkamata kwa ngozi ya shingo, vilevile kama alivyomkamata mwenzake, akaondoka naye, kichwa kikining'inia. Kwenye michongoma miiba ilimnasa mtoto. Nguchiro akamweka chini, akambadilisha mshiko, akapita naye taratibu ili asichomwe.

"Hajajua," akasema shemeji yangu.

Mimi niliona kama anajua, lakini sikubisha.

Baadaye kidogo mteja akapiga hodi kibandani, ana viti vinne vya kulia chakula juu ya mkokoteni. Nilitoka mimi. Nikamwambia ashushe tu, fundi yupo, ila asimwite kwanza.