Sweta ya Mama Darini

Juzi, nikisubiri daktari hapa Nakuru, mama mmoja aliketi kando yangu, sweta yake ikinuka moshi wa kuni. Wengine walisogea mbali kidogo. Mimi nilimsogelea, kisha nikageuza uso, maana machozi yalikuwa yashanilenga.

Moshi huo ulinirudisha kijijini kwetu Ndabibi, kwenye jiko letu la mbao lililosimama nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amefariki, nami sikuwa nimeanza shule. Tulipomaliza tu kumzika, baba alianza kutengeneza dari juu ya meko. Alisema mahindi yanahitaji mahali, nikamwamini, kwa kuwa magunia yalikuwa yamejaa hadi chini ya kitanda changu. Alipima kwa kamba, kwa sababu tepu yake ilikatika zamani, na ngazi aliyoiunda iliyumba hata paka akakataa kuipanda. Kati ya mbao aliacha nafasi ili moshi upite. Kwetu mbegu huwekwa hivyo juu ya moto, wadudu wasiiguse mpaka mvua inyeshe.

Alipandisha mahindi ya mbegu. Kisha akaleta sweta ya kijani ya mama, ile aliyovaa akienda kazini kwenye mashamba ya maua huko Naivasha. Jioni mama alikuwa akirudi nayo ikinukia waridi. Hilo nalijua kwa kuambiwa tu. Baba aliikunja taratibu, akaitia kwenye gunia, akaliweka katikati ya dari, mahali pazuri kuliko pote.

"Juu ya moshi hakuna kitu huharibika," aliniambia.

Baadaye dada zake mama walikuja kugawana nguo zake, ilivyo desturi. Walikunja, wakalia, wakacheka kidogo walipokumbuka gauni fulani. Mama mdogo ndiye aliyegundua.

"Baba Nyambura, ile sweta ya kijani siioni."

Baba alisema hajui, akaendelea kukoroga chai yake. Mimi nilijiona mkubwa sana kwa kutunza siri.

Mvua ilipokuja, baba alipanda kutoa mbegu. Mahindi yalikuwa salama kabisa. Akafungua lile gunia na kuzamisha uso ndani ya sweta. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi. Alinusa kifuani, akanusa mikono, akaigeuza ndani nje, akanusa tena.

"Ni moshi tu," alisema. "Nyambura, ni moshi tu."

Alishuka, akanivisha ile sweta, ikanifika miguuni. Akaikunja mikono ya sweta bila kunitazama. Nami nilifurahi jamani, nikazunguka boma lote nikijionyesha kwa kuku. Nilidhani baba analia kwa sababu moshi umemwingia machoni.

Nilielewa miaka mingi baadaye, nilipomzika mume wangu na kukataa kufua shati lake. Baba alijua njia moja tu ya kuhifadhi kitu, ile ya mbegu, akaitumia kwa mkewe, na njia hiyo ndiyo iliyompokonya harufu yake. Sweta niliivaa mpaka ikaisha. Waridi sikuwahi kuyanusa ndani yake. Kwangu mimi, mama ni moshi wa kuni.

Yule mama alipoitwa na daktari, nilihamia pale alipokuwa ameketi, nikakaa mpaka harufu ikaisha.