Mama, Funua Omena

Juzi lori la takataka lilipoingia soko la Malaba, mama muuza omena alifunika samaki wake kwa leso, kama kawaida, kuzuia moshi mweusi. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mama, funua! Hii lori siku hizi inatumia gesi, si dizeli. Wafadhili wametusaidia."

Mama akainua ncha ya leso, akanusa. "Moshi hakuna. Lakini bado inanuka."

"Hiyo harufu ni takataka yenu, mama!"

Soko zima likacheka. Mara trela la kwenda Uganda likapita likifuka moshi. Mama akafunika upesi, akamfokea dereva wa trela: "Boss, hata lori yetu ya takataka inakushinda usafi!"

Mgeni akiniuliza Malaba tuna nini zaidi ya foleni ya malori mpakani, nitamwambia asubiri lori la takataka.