Mbao Iliyobisha Hodi

Kila Tomaso alipogonga mbao, mama yake alijibu kutoka chumbani, "Karibu!"

"Si mtu, Mama. Ni mimi."

"Karibisha kwanza, kuuliza baadaye. Agustina! Mgeni huyo, weka chai."

Macho ya Bibi Boke yalikuwa yameingia giza, lakini masikio yalikuwa mazima. Enzi za nguvu zake alilima mahindi na migomba hapo Nyamwaga, akazika mume, akalea watoto, na hakuna aliyepita mlangoni kwake bila kuonja kitu. Sasa alishinda kitandani na rozari yake, akisubiri wageni. Ukuta tu ndio uliotenga kitanda hicho na baraza ambako mwanawe alitengeneza gitaa.

Kwa Tomaso huo ulikuwa mtihani. Gitaa alilowatengenezea wanakwaya wa kigango mwaka jana lilirudishwa. Ezra, mwalimu wa kwaya, alisema linalia kama debe la mahindi. "Tunakupa nafasi nyingine kwa kuwa wewe ni mwenzetu," alisema. "Hili nalo likiwa bubu, tunanunua la dukani Sirari, wewe urudi kwenye useremala wako wa vitanda."

Kosa lilikuwa kwenye mbavu. Ndivyo alivyoziita zile fito zinazobandikwa kwa gundi upande wa ndani wa uso wa gitaa ili nyuzi zisiubonyeze. Aliziacha nene kwa woga, uso ukashindwa kutetemeka. Safari hii alizichonga kwa patasi, kidogo kidogo, katikati zibaki na mgongo, nchani ziteremke. Kisha akainua mbao hiyo ya uso, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Karibu! Pita ndani!"

"Mama, jamani! Nasikiliza mbao!"

"Inasema nini? Mimi nimesikia mlango."

Agustina, mkewe, akatoka jikoni na unga mikononi. "Baba Neema, sukari inaishia kwa wageni wasiokuja. Mungu alichukua ubavu mmoja akamaliza mwanamke mzima. Wewe na hizo mbavu zako tangu Kwaresima!"

"Mungu hakuwa na mtu wa kumjibu 'karibu' kila akigonga."

"Msimtanie Mungu," Bibi Boke akaonya kutoka ndani, huku kicheko kikimponyoka.

Tomaso akabeba mbao kwa hasira hadi nyuma ya zizi. Huko mbuzi wakalia, mashine ya kusaga ikanguruma, akarudi barazani amenuna zaidi. Alichoomba ni kimya tu. Kimya kidogo!

Mvua zilipokolea, Mungu akamwita Bibi Boke usingizini, rozari ikiwa mkononi. Ndipo wageni wakaja kweli, boma likajaa, na Agustina akapika chai kwa masufuria makubwa. Hakuna aliyebisha hodi. Milango yote ilikuwa wazi.

Matanga yalipokwisha, Tomaso akarudi barazani. Kimya alichokiomba kilikuwepo. Akagonga mbao, akasikiliza, asijue anasikia nini. Akagonga tena, akijichukia kwa kuwa alikuwa anangoja kujibiwa.

"Karibu!"

Ni Agustina. Alitoka mbio na birika, akaangaza uani. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Nilidhani wale wa Nyanungu, waliokosa mazishi. Nimesikia mlango kabisa."

"Mlango?"

"Mlango, Baba Neema."

Tomaso akaitazama mbao. Siku zote zile alikuwa akimkemea mtu aliyekuwa akimwambia ukweli: mbao ilikuwa bado inalia kama mlango, si kama gitaa.

"Weka birika chini," akasema. "Nenda ukakae kitandani kwa Mama. Nikigonga, ukisikia mlango, karibisha."

Agustina hakubisha. Tomaso akauteremsha ubavu mrefu kwa patasi, akapuliza vumbi, akagonga. "Karibu," sauti ikatoka chumbani. Akachonga. "Karibu." Akachonga tena, taratibu, maana patasi ikizidi hata unywele, ubavu umekwisha.

Akagonga. Chumbani kimya.

Akagonga tena, kwa nguvu. Kimya.

"Agustina! Umelala?"

"Sijalala," akajibu. "Nasikiliza. Hakuna mgeni."