Fundi wa Chokaa Anayebomoa Ukuta Wake

Kabla hajashika tindo, anaweka shavu ukutani.

Ni saa moja asubuhi, chumba cha chini cha nyumba ya mawe yenye zaidi ya miaka mia. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, viatu vyake vya mpira vikiwa kila kimoja na rangi yake, amelaza shavu la kushoto kwenye ukuta. Anapima unyevu. Viganja vyake vimeunguzwa na chokaa kwa miaka thelathini na moja, havihisi tena baridi wala maji.

"Juzi maji yalikuwa kiunoni," anasema, kisha anagusa usawa wa kifua. "Leo yako hapa."

Kisha anagonga. Bonge la saruji linang'oka na kuondoka na uso wa jiwe.

Wenzake wanamwita Mama Chokaa. Kazi hii alifundishwa na baba yake: kuloweka chokaa hadi ilainike kama siagi, kupaka tabaka jembamba, kungoja likauke, kupaka jingine. Nyumba hii ameitunza tangu ikiwa ya familia moja. Miaka miwili iliyopita iliuzwa, na mwenye nyumba mpya akaamua kuigeuza ofisi: vioo badala ya kuta za ndani, viyoyozi, lifti mahali pa ngazi. Sakafu za mbao na boriti zake nene zingebaki, na Mama Chokaa aliahidiwa kazi ya kudumu ya kuangalia kuta.

Ukuta wa aina hii, anaeleza, hunywa maji ya ardhini na kuyatoa polepole kupitia chokaa. "Ukiupaka saruji umeuziba pumzi. Maji hayana pa kutokea, yanapanda."

Hata hivyo ulipakwa saruji, na aliyeupaka ni yeye.

Mvua za kwanza, rangi ilifura malengelenge. Mvua za pili, maji yalifika kwenye ncha za boriti. Wapangaji waliokuwa wameshapanga meza na kompyuta zao wakahama.

Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akimchekechea mchanga na chokaa, alipoteza kazi mapema zaidi. Siku lori la saruji lilipoingia, alimwambia msimamizi wa ujenzi mbele ya watu kwamba kichwa chake kilimwagiwa zege tangu tumboni. Watu walicheka. Msimamizi naye alicheka, kisha akamfukuza na kumpiga marufuku kuvuka geti. Tangu hapo anaishi kwa kufyeka majani kwenye viwanja vya watu.

Ijumaa iliyopita mhandisi alichoma kisu kwenye boriti tano. Kwenye nne kilizama hadi mpini. Akaamua sehemu yote ya ndani ivunjwe, ubaki uso wa mbele tu, na nyuma yake ijengwe ofisi ya zege. Mama Chokaa amepewa siku kumi na mbili za kung'oa. Ile kazi ya kudumu haitajwi tena.

Ukimuuliza kuhusu baadaye, anafuta tindo kwanza. Anasema angependa kupata nyumba moja, hata iwe choo cha nje, aipake chokaa pamoja na mdogo wake. Nyumba yenyewe hajui iko wapi. Za mtaa huu zimekwisha.

Saa sita mchana mdogo wake anafika getini na bakuli la chakula.

"Dada, yule msimamizi rafiki yako yupo? Mwambie na chakula chake nimepika, ila nimekikorogea saruji."

Mama Chokaa hacheki. Analipokea bakuli kupitia nondo, anaketi juu ya kifusi kando ya geti, analifungua, analifunga tena.

"Aliniuliza," anasema.

"Nani?"

"Msimamizi. Aliniuliza chokaa itachukua muda gani. Nikamwambia miezi mitatu."

Mdogo wake anamtazama. Wote wawili wanajua ilikuwa kazi ya wiki saba. Mafundi ndivyo wafanyavyo: hutaja siku nyingi ili mwenye kazi apunguze, wavutane, wakutane katikati. Msimamizi hakuvutana. Aliandika kwenye daftari, akashukuru, akaondoka.

"Nilingoja arudi," anasema Mama Chokaa, sauti ikiwa chini hata vumbi linaonekana kutosha kuifunika. "Kumfuata niliona haya. Nilijiambia, kesho atakuja apunguze. Kesho yake likaja lori. Baadaye ndiyo nikasikia wapangaji walikuwa waingie baada ya miezi miwili. Wiki saba angekubali."

Mdogo wake ameshika nondo za geti kwa mikono miwili.

"Nilikuacha umtukane mtu asiye na kosa," anamwambia dada yake. "Ukafukuzwa kwa ajili yangu, nami nikanyamaza. Ukuta huu nimeuua mimi."