Jumapili Janine Alipozima Hita

Janine Stuckey alikuwa mkaidi, na nasema hivyo nikiwa rafiki yake. Siku za kazi alipanga maboksi kiwandani. Jumapili alirekodi nyimbo zake kwenye rekoda ndogo ya kaseti, katika chumba cha chini ya nyumba ya baba yake hapa Dayton, mimi nikimpigia ngoma. Albamu nzima aliirekodi humo, na kila tulipoanza alizima hita, mashine ya kupasha nyumba joto, maana muungurumo wake uliingia kwenye maikrofoni. Oktoba haikuwa neno. Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, ulikuwa ukatili mtupu.

Tena baba yake, mzee Virgil, ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali, alikolazwa kwa ajili ya kifua.

"Ahirisha," nikamwambia. "Mzee ataganda huko juu."

"Mwenyewe kasema nizime. Na wewe si daktari, Dell. Hata ngoma zenyewe unababaisha."

"Basi wiki ijayo."

"Wiki ijayo sauti hii sitakuwa nayo. Ninayo leo."

Ilinikera kwa sababu ilikuwa kweli. Ulikuwa umebaki wimbo mmoja tu albamu ikamilike. Tukajaribu, mara lori likapita nje, mara mimi nikakosea. Nyumba ikazidi kupoa, vidole vikafa ganzi. Halafu akaimba vile ambavyo sijawahi kumsikia, chini chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ngoma hapo hazikuhitajika, nikakaa nikisikiliza.

Juu, mzee akakohoa. Akakohoa tena, safari hii akapaliwa.

Nilimtazama Janine. Alikuwa amesikia, uso ulimbadilika. Akafumba macho, akaendelea kuimba. Kisha kikohozi kikakatika ghafla, na kimya kile kikanitisha zaidi. Nilimchukia dakika ile. Nikaweka vijiti chini, nikavua viatu ili ngazi zisilie, nikapanda.

Mzee Virgil alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya mlango, kofia ya sufu kichwani, mto ameukandamiza mdomoni kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yakimtikisika, machozi yakimtoka. Akauondoa mto kidogo.

"Amemaliza?" akanong'ona.

"Amemaliza, mzee. Kohoa."

Akatega sikio. Kutoka chini, Janine alikuwa anaanza ubeti wa mwisho. Mzee akanikazia macho kwa hasira, akaurudisha mto mdomoni.