Kiwiko cha Gramafoni

Fundi Bado aliposhuka garini katika mji ule asiowahi kuukanyaga, alisimama kando ya barabara amekumbatia mkoba wake, akaomba moyoni kwamba maelekezo aliyopewa yawe ya uongo. Wasafiri huomba wafike salama. Yeye aliomba apotee. Mkewe alikuwa amemtuma akatafute kipande cha gramafoni, na siku kipande hicho kitakapopatikana, hiyo ndiyo siku mkewe atakapoondoka nyumbani asirudi.

Hata kupotea kulimshinda. Alimuuliza muuza magazeti kama anamjua bibi mmoja anayetengeneza saa, mlango wa bluu, nyuma ya duka la magodoro, na aliuliza kwa sauti ya chini makusudi, kama mtu asiyetaka kusikika. Muuza magazeti akamwelekeza kwa kidevu. Alipofika kwenye kona akajifanya amesahau njia, na mama mmoja aliyekuwa akianika nguo ghorofani akamwita kutoka juu, wala hajaulizwa: ni huko huko, baba, pinda kushoto. Iko miji yenye ukarimu wa kuudhi.

Jina la Bado hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja. Ukienda kuulizia pasi yako, bado. Feni, bado. Redio uliyoiacha mtoto wako akiwa anatambaa, bado, njoo wiki ijayo, na mwishowe mtoto mwenyewe anakuja kuifuata kwa miguu yake. Hakuwa mvivu. Alikuwa na mikono ya kuaminika, ila hakuwa na kalenda. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana, na tangu alipooa alikaa mle ameupa mlango wa sebule mgongo, ameinama juu ya kitu cha mtu mwingine. Mkewe alimpikia, alimzalia, alimuuguza, alimsimulia habari za mchana kutwa, na kila mara aliyemjibu alikuwa ni mgongo.

Katika nyumba iliyojaa mashine za watu, ilikuwapo moja tu ambayo fundi alikatazwa kuigusa. Ilikuwa gramafoni ya pembe, ya kuzungusha kwa handeli, ambayo mkewe aliachiwa na baba yake akaja nayo siku alipoolewa. Ilikaa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Mkewe aliipiga mwenyewe wakati wa kukunja nguo, na akimaliza aliifunika kitambaa kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Fundi akipita karibu nayo na bisibisi mkononi, aliambiwa aweke bisibisi chini kwanza ndipo apite.

Watoto walipokwisha kuolewa na kuoa, mkewe alimwambia jambo lake siku moja asubuhi, bila hasira, huku akikunja shuka.

"Baba watoto, mimi nakwenda kukaa kwa binti yetu. Sigombani na wewe. Nimechoka tu kuongea na mtu asiyegeuka."

Safari hiyo aligeuka. Aligeuka mzima mzima, kiti kikaanguka. Akamuuliza atachukua nini, kwa kuwa hakupata swali jingine la kuuliza. Mkewe akajibu kwamba atachukua nguo zake na gramafoni ya baba yake, vingine vyote amemwachia.

Fundi akasema, basi acha niikague, njia ni mbovu, isije ikaharibikia safarini. Mkewe akakubali, mara ya kwanza tangu waoane. Na mchana huohuo kiwiko kikamvunjikia mkononi. Kiwiko ni ule mkono uliopinda, wenye uwazi ndani kama bomba, unaobeba sauti kutoka kwenye sindano na kuifikisha kwenye pembe. Mpaka leo yeye mwenyewe hajui kama kidole kiliteleza au kilitumwa.

Tangu hapo maisha yake yakawa ya kutafuta asichotaka kukiona. Mkewe alisema angesubiri, kwa kuwa alikuja na gramafoni ikiimba na ataondoka nayo ikiimba, na sanduku la nguo likabaki limefungwa chini ya kitanda. Fundi alijaribu gundi, sauti ikavuja. Alijaribu kukizungushia bati, sauti ikawa ya mtu aliyezibwa pua. Kuchomelea hakukuwezekana, maana madini yale ya kumiminwa ukiyapasha moto yanalegea kama mshumaa. Hayo yalikuwa majaribio ya kweli. Lakini ilikuwapo pia siku ile kwenye rundo la vyuma chakavu alipokiona kiwiko kilichofanana na kile, kilichohitaji kupigwa tupa kidogo tu kikae. Alikigeuza, akakipuliza vumbi, akakirudisha chini ya rundo na kulifunika kwa ringi ya baiskeli. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe neno lake lile la wateja.

Mtaa mzima ulijua. Kinyozi wa jirani alimwambia hajaona mgonjwa mwingine anayezunguka maduka ya dawa akiomba dawa isiwepo. Watu walicheka, naye alicheka, na usiku hakulala.

Mwishowe mkewe aliishika kazi hiyo mwenyewe. Akapiga simu kwa wifi zake, wifi wakauliza mashoga zao, mashoga wakauliza waume zao, na haikupita muda akawa anajua mji, mtaa na rangi ya mlango. Akamfungia mumewe kiwiko kilichovunjika katika taulo, akamtilia mkobani pamoja na chakula cha njiani, akamsindikiza mpaka lilipo gari. Akasubiri mpaka gari likaondoka.

Sasa mlango wa bluu ulikuwa mbele yake. Bibi aliyeufungua alikuwa mdogo wa umbo, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Chumba kilikuwa na saa ukutani kote na zote zimesimama isipokuwa moja. Bibi alimwona akizishangaa, akamweleza kwamba huziachia moja moja, maana zikisema zote kwa pamoja huwezi kusikia ipi inayoumwa. Kisha akalifungua taulo, akakigeuzageuza kiwiko kwenye mwanga wa dirisha, akavuta droo ya chini kabisa. Alitoa cha kwake, kikiwa kizima, akaviweka sambamba juu ya meza. Vilikuwa kama mapacha.

Fundi aliketi bila kukaribishwa.

Akaanza kueleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akitaja feni na pasi zisizohusika. Alisema ana mke, kwamba mke huyo ni mtu mwema, kwamba kile kipande pale mezani ndicho ukuta wa mwisho wa nyumba yake. Bibi alimsikiliza huku akifuta miwani ya pili.

"Bibi, nakuomba," alisema. "Akikupigia simu, mwambie huna. Sema kilikuwepo, kikauzwa. Sema lolote."

"Mwanangu, alishanipigia. Nimemwambia ninacho, tumeshamalizana."

"Amesema nini?"

Bibi akaivaa miwani. "Amesema, akifika mume wangu atakuomba useme huna. Akasema nikupe chai kwanza, kwa sababu hutakuwa umekula."

Kweli hakuwa amekula. Chakula cha njiani kilikuwa bado mkobani, kimefungwa vilevile kama alivyofungiwa. Chai ililetwa, akainywa. Bibi alimfungia kiwiko katika pamba, akarudi kwenye saa yake.

Wakati wa kurudi, gari lilipopanda daraja refu, alikitoa kiwiko mkobani na kukishika nje ya dirisha. Maji chini yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Abiria wa pembeni akamuuliza ni nini hicho. Akajibu ni kiwiko. Cha nani? Cha mke wangu, akasema. Abiria akachukua mfuko wake, akahamia kiti cha nyuma. Fundi akaurudisha mkono ndani. Angekitupa angefika na uongo ambao mkewe ameshausikia kabla haujasemwa, na aliona aibu hiyo itamuua kabla ya upweke.

Alikifunga siku iliyofuata asubuhi. Alifanya kazi sebuleni, ameelekea kitini alipokaa mkewe, na kwa mara ya kwanza hakuacha kitu hata kimoja kwa ajili ya wiki ijayo. Alisafisha mafuta yaliyoganda kwenye gia, akabadilisha raba iliyokauka kwenye shingo ya pembe, akaweka sindano mpya. Mkono ulimwambia aache skrubu moja nusu, ilegee njiani, ili waje wamwite. Aliishika skrubu ile muda mrefu. Kisha akaikaza.

Pembe ikakohoa vumbi, halafu mwanamke wa zamani akaanza kuimba, safi, kama anayeimba chumba cha pili. Mkewe alisikiliza mikono ikiwa magotini. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Kumbe ulikuwa unaweza," alisema.

Fundi akamwambia kuhusu lile rundo la vyuma chakavu na ringi ya baiskeli, na mkewe akatikisa kichwa polepole, kama anayesomewa habari ya jana. Fundi akasema atafunga karakana. Atauza vyote. Atakaa hapa, kwenye kiti hiki, ameelekea huku. Mkewe akamwambia kwamba anamwamini, anajua anasema kweli leo, ila maneno hayo yamemkuta ameshaondoka siku nyingi, ni mwili tu uliokuwa ukisubiri mzigo.

Mkwe wao alifika na gari wakiwa bado wamekaa. Ikabaki kazi moja. Gramafoni haisafirishwi springi ikiwa imejaa. Gari likiruka shimo, springi inaweza kukatika ikararua kila kilichomo. Lazima iachwe izunguke mpaka iishe nguvu yote. Fundi alimweleza mkewe hivyo, na ilikuwa kweli. Ambacho hakukisema ni kwamba kabla ya hapo alikuwa ameizungusha handeli mpaka mwisho, mpaka ikagoma.

"Umeijaza sana," mkewe alisema.

"Inabidi iishe."

Wakakaa. Santuri ilipofika mwisho, fundi aliirudisha sindano mwanzo. Mkwe aliingia, akawaona, akatoka taratibu akaenda kufuta vioo vya gari. Wimbo ukaanza kushuka. Sauti ya mwanamke ikazama ikawa ya kiume, maneno yakavutika, ikawa mngurumo, kisha santuri ikasimama katikati ya neno. Mkewe akanyanyuka.

Fundi aliibeba mwenyewe mpaka garini, akaizungushia blanketi. Alimpa mkewe maelezo yote: sindano moja kwa upande mmoja wa santuri, mafuta ya cherehani na si ya kupikia, isikae juani. Mkewe aliyarudia moja moja kuhakikisha ameyashika. Halafu akampa mkono.

"Asante, fundi," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo.

Fundi akamwinamia mkwe dirishani, akamsihi aende polepole kwa ajili ya kiwiko, madini yale hayapendi mishtuko. Mkwe alikuwa kijana msikivu. Gari likaondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, likilikwepa kila shimo, likisimama kwenye kila tuta, na mtaa ule mfupi ukachukua muda mrefu kuisha, fundi akiwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, akiliangalia mpaka likakata kona.