Siku gemu yangu ilipotawanya ng'ombe wa mahari

Aibu hii wengi wenu mmeisikia kwa Idi, na Idi huisimulia anavyotaka yeye, kwa hiyo leo niacheni niiseme mwenyewe, maana pamoja na kwamba nilichekwa Tarime nzima, kuna jambo moja nilishinda siku ile na sitaki lipotee.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, kila kijana anashuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba, na wachache wanatoka na kitu. Mimi nilitoka na kitu. Baba alitaka ninunue ng'ombe kama Mkurya mwenye akili zake, mimi nikanunua televisheni kubwa na pleisteshen, nikafungua banda la gemu Nyamisangura (nyumbani nilisema nimefungua ofisi, na kwa kweli meza ilikuwepo). Haikupita muda Idi, mtoto wa fundi cherehani jirani yetu, naye akafungua banda lake ng'ambo ya barabara, ila yeye akaleta eksiboksi.

Ubishi ukaanza hapo. Gemu zote mbili zilikuwa za mbio za magari, zile za kuendesha kweli, siyo za watoto za kurusha gari hewani. Ya Idi ilikuwa nzuri machoni, hilo sikatai: mvua ikinyesha unaona maji yanavyotiririka kwenye kioo, rangi ya gari inang'aa kama imepakwa mafuta. Lakini gari lenyewe lilikuwa jepesi, unaingia kona vibaya na bado linakusamehe, halafu linalia kama nyuki kwenye chupa. La kwangu lilikuwa zito, ukichelewa kushika breki umeenda majanini, na ngurumo yake (hapa ndipo nilipokuwa nakufa nayo) ilikuwa ya injini hasa, ukibadilisha gia unaisikia kifuani.

Idi alikuwa na jibu moja tu. "Marwa, hiyo ni spika. Hata redio ukiiongeza inanguruma."

Neno hilo liliniuma. Basi asubuhi moja ya siku ya mnada nikafanya uamuzi mdogo tu, nikaazima spika za jamaa anayepiga muziki harusini, zile za kimo cha mtu, nikaziweka nje zikitazama kwa Idi, ili barabara nzima isikie na ihukumu.

Nilichosahau ni kwamba baba alikuwa njiani. Nilikuwa namchumbia Bhoke, wazee walishaelewana, na siku hiyo baba na mjomba wake Bhoke walikuwa wanawapitisha ng'ombe wa mahari mjini kuwapeleka kwa wakwe, na baba alikuwa ameahidi kupita kuiona hiyo ofisi.

Mimi niko ndani, mgongo mlangoni, pedi ya kuchezea mkononi, sauti iko mwisho. Taa ya kijani ikawaka, nikakanyaga mafuta. Nje nikasikia watu wanapiga kelele, nikajua wamekubali, nikapanda gia ya pili. Kelele zikazidi, nikapanda ya tatu (jamani, nilikuwa natabasamu). Ndipo nikaona kivuli mlangoni, na sauti ya baba, ya chini kabisa: "Mura, wewe kijana, zima hicho kitu."

Nikasema, "Shikamoo baba." Akanionyesha nje kwa fimbo.

Nilitoka nje. Ng'ombe hakuna. Kinamama wa vitunguu wanaokota vitunguu vyao barabarani. Hata vijana wa machimboni waliokuwa wanakunywa chai pale walikuwa wamekimbia wakaacha viroba vyao vya mawe (kule maduarani ngurumo kama ile ni gari la doria linalokuja kuwakamata, miguu haisubiri kuuliza), na mama wa chai amesimama peke yake kama mtu aliyehamwa na kijiji. Nikaanza kukimbiza ng'ombe na kandambili, na sijui nilifikiri nini, pedi nilikuwa bado nimeishika, waya unaburuzika nyuma yangu. Mjomba wa Bhoke akanitazama nikipita, akauliza kwa upole, "Mkwe, hiyo ndiyo kamba yako ya kufungia?"

Tuliwakusanya mmoja mmoja, nusu ya mji ikitusaidia na nusu ikicheka, mpaka akabaki mtamba mwekundu, yule ambaye mjomba mwenyewe alikuwa amemchagua. Tukamtafuta hadi tukachoka. Mwisho tukamkuta ndani kwa Idi, amesimama mbele ya televisheni, gemu inaendelea, yeye anatafuna pazia.

Idi alikuwa ameegemea mlango. "Amekuja kuangalia gemu nzuri," akasema.

Watu walicheka wakakaa chini, hata baba alicheka, na mimi pale nilitamani duara linimeze. Lakini nilipomtazama yule mtamba, akili ikarudi.

"Idi, mwangalie vizuri," nikasema. "Mbele ya gari langu amekimbia kuokoa roho yake. Mbele ya la kwako, na linalia hapo hapo, anacheua."

Wote wakamgeukia mjomba, mtu aliyekulia zizini, wasikie atasema nini. Akamkuna mtamba shingoni, akafikiri.

"Ng'ombe hajui spika," akasema. "Anajua gari."

Ndiyo maana Idi akiwasimulia huishia kwenye pazia.

Kinamama niliwaomba radhi nimeinama, nikabeba vitunguu mpaka mgongo ukauma, na Bhoke aliolewa nami kwa masimango, maana habari ilimfikia kabla ng'ombe hawajamfikia. Spika za watu nilirudisha siku ile ile, na nimeapa haitatoka nyingine nje ya mlango wangu. Anayetaka kujua gemu ipi ndiyo ya kweli aingie ndani, akae, nifunge mlango. Ng'ombe sitawauliza tena. Jibu walilonipa linanitosha.